Shukrani Zilijaa Kundini, Majibu Hayakuwamo

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa mwalimu mmoja kijana anayefundisha fizikia. Ameunda kundi la WhatsApp la wanafunzi wake, amekwisha kuwatumia video kumi na nne alizozirekodi mwenyewe, na sasa anataka nimshauri anunue taa ya aina gani ili uso wake uonekane vizuri zaidi, na atumie programu ipi kuzihariri video hizo. Mwishoni aliongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba wanafunzi wanazifurahia sana ila haelewi kwa nini matokeo yao hayabadiliki. Maneno hayo niliyasoma mara tatu, maana ningeweza kuwa nimeyaandika mimi.

Nilianza mwaka 2020, wakati shule zilipofungwa karibu duniani kote na, kwa hesabu za UNESCO, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 wakabaki nyumbani. Nilirekodi somo la umeme kwa dakika 27, nikiwa nimevaa shati nililolipiga pasi mara mbili. WhatsApp ya wakati ule haikupokea video iliyozidi megabaiti 16, kwa hiyo nililikata somo vipande vipande na kuvituma kimoja baada ya kingine, na kwa baadhi ya wanafunzi kipande cha tatu kikatangulia cha pili. Sikujali. Shukrani zilimiminika: "Asante sana mwalimu", "Ubarikiwe", mioyo, na vile viganja viwili vilivyounganishwa. Nilizihesabu, nikapata 61 kwa somo moja, na sioni aibu kukiri kwamba usiku ule nilimwonyesha mwenzangu wa nyumbani simu ili naye azihesabu. Baada ya miezi michache walimu wa shule nyingine walianza kuniomba video hizo, na mimi nikaanza kujiona mtu wa kuombwa.

Shule zilipofunguliwa, nilitoa jaribio fupi. Swali la kwanza lilikuwa la betri moja na balbu mbili zinazofanana, zilizounganishwa kwa mfuatano, yaani moja baada ya nyingine katika njia moja: ipi itawaka zaidi? Jibu ni kwamba zitawaka sawa, na nilikuwa nimelisema katika video, polepole, nikiwa nimenyoosha kidole. Wanafunzi tisa tu walilipata.

Katika kikao cha walimu mkubwa mmoja wa kazi alisema mbele ya wote, "Kumbe tulipata mtangazaji, na mwalimu bado tunamtafuta." Watu walicheka. Nimesamehe, lakini sijasahau, hasa kwa kuwa aliyesema hivyo hakuwa ametuma hata swali moja kwa mwanafunzi yeyote katika miezi yote ile ya kufungwa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakukosea.

Aliyenifungua macho alikuwa msichana ambaye darasani hakuwahi kunyoosha mkono. Baada ya jaribio lile nilimwomba kila mwanafunzi anitumie ujumbe wa sauti wa nusu dakika akieleza kwa nini alijibu alivyojibu, si jibu lenyewe. Wa kwake ulifika saa tatu usiku, kwa sauti ya chini, mtoto akilia nyuma yake: "Mwalimu, mimi naona balbu ya kwanza itawaka sana kwa sababu ndiyo inayoupata umeme wa kwanza. Inautumia, halafu inamwachia mwenzake uliobaki." Alikuwa ametazama video yangu mara mbili. Alinisikia nikisema kwamba mkondo wa umeme ni uleule kila mahali katika sakiti ya mfuatano, akaliandika hilo daftarini, kisha akaendelea kuamini alichokuwa akiamini, kwamba umeme huliwa njiani kama posho. Na mawazo yake yalikuwa na mantiki: kama hakuna kinacholiwa, betri huisha kwa sababu gani?

Swali hilo lingekuwa somo zima, nami nilikuwa nimelipita kwa dakika 27 bila kujua lipo. Nilimjibu kwa sauti pia, nikitumia mnyororo wa baiskeli: pingili zinazoingia kwenye gia ya nyuma ni zilezile zinazotoka, hakuna hata moja inayopotea, lakini anayekanyaga pedali huchoka. Mkondo ni mnyororo. Kinachopungua ni nishati iliyomo kwenye betri, ambayo balbu huigeuza kuwa mwanga na joto. Baada ya kimya kirefu alinitumia neno moja, "Kumbe!" Nakuambia, mwalimu mwenzangu, "kumbe" hiyo moja niliipokea kwa furaha kuliko "asante" zote 61.

Tangu hapo nimebadilisha mpangilio, na ushauri wangu wote, ukiuchuja, ni huu: swali litangulie video, na simu itumike kwanza kumsikiliza mwanafunzi kabla ya kumhutubia. Kila Jumatatu jioni ninatuma picha moja na swali moja. Wanafunzi wananijibu faraghani kwa sauti, kisha wanajaribu wenyewe katika maabara za kuigiza za PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2001. Ni za bure, na nyingi zinaweza kupakuliwa zikatumika bila intaneti. Humo mwanafunzi anaunganisha betri, nyaya na balbu kwa kidole, anaweka ammita, yaani kipimo cha mkondo, kabla ya balbu na nyingine baada yake, na anaona namba mbili zinazolingana. Hapo habishani tena na mwalimu, anabishana na ammita. Video inakuja mwisho, na haizidi dakika tano, kwa sababu sasa najua ni kosa gani ninalolijibu. Hata wale waliochunguza vipindi milioni 6.9 vya utazamaji wa video za masomo katika edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2014, waliona kwamba muda wa kati wa kutazama haukuzidi dakika sita, hata video iwe ndefu kiasi gani. Zile dakika zangu 21 zilizobaki nilikuwa nikijihutubia mwenyewe.

Kuna jaribio jingine ambalo ningependa kila mwalimu mwenye kundi la mtandaoni alifahamu. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba waliosoma maandishi na kuyarudia walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliowashinda ni wale waliofunga maandishi na kujaribu kuyakumbuka wenyewe. Sasa fikiri "asante mwalimu" hutumwa saa ngapi. Hutumwa ndani ya zile dakika tano, wakati mwanafunzi anajihisi ameelewa, na kweli wakati huo ameelewa kiasi. Mtihani huja baada ya wiki. Kwa hiyo usiwaone wanafunzi wako kuwa wanafiki, na wala usizipokee shukrani zao kama matokeo.

Si kwamba tangu hapo sikukosea tena. Kosa langu baya zaidi lilikuja nikiwa tayari najiona nimeelewa. Ule ujumbe wa sauti wa yule msichana ulikuwa mfano mzuri mno wa kosa la wengi, nikautuma kundini ili wote wausikie na tuujadili. Sikumwomba ruhusa. Sikutaja jina, lakini nani asiyeijua sauti ya mwenzake? Kabla sijamaliza kuandika maelezo, mtu alikwisha kuweka kikaragosi cha kucheka machozi, na wengine wakafuata. Niliufuta ujumbe ule baada ya dakika kumi hivi. Yeye hakunitumia kitu kwa wiki tatu, na darasani alirudi kuangalia dawati. Nilimwomba radhi ana kwa ana, akasema, "Hamna shida, mwalimu," kwa ile sauti ambayo kila mwalimu anajua kwamba shida ipo. Sauti ya mwanafunzi si mali ya mwalimu. Siku hizi kosa ninaliandika upya kwa maneno yangu, nasubiri mpaka watatu au wanne wawe wamelirudia, ndipo ninalipeleka kundini likiwa halina mwenyewe. Kama umezoea kupiga picha daftari lililokosewa na kulituma kundini ili wengine "wajifunze", acha leo.

Kwa sababu hiyohiyo ninaziogopa kura za WhatsApp, ingawa nilizishangilia zilipoletwa mwaka 2022. Kila mtu anaona nani amechagua nini, na akishapiga kura yule anayesifika kwa akili, nusu ya darasa humfuata hata akiwa amekosea. Ukizitumia, ziwe za kupanga muda wa kukutana. Majibu ya kuchagua yakusanye kwa fomu za Google, ambazo husahihisha zenyewe, lakini kumbuka kwamba herufi B haikwambii mwanafunzi aliwaza nini. Kahoot nayo, ule mchezo wa mtandaoni wa kushindana kujibu maswali, ni tamu, darasa hulipuka kwa kelele, ila alama zake kwa kawaida humpendelea anayewahi kubonyeza. Nilikuwa na mvulana mmoja, mwenye fikra pevu na mkono mzito, aliyekuwa akimaliza wa kumi kila mara mpaka akaacha kujaribu. Nilipoongeza muda na kuzifuta pointi, kelele zilipungua, naye akarudi.

Utaniuliza muda wa kusikiliza sauti zote hizo unatoka wapi, na ni swali la haki, kwa sababu wanafunzi 70 wa nusu dakika moja moja ni zaidi ya nusu saa kabla hujamjibu hata mmoja. Siwasikilizi wote kila wiki. Ninawagawa katika vikundi vya watano, kila kikundi kinajadiliana na kutuma ujumbe mmoja, na ninasikiliza nikiwa na daftari lenye safu tatu. Kwa swali la balbu safu hizo zilikuwa "umeliwa", "umepungua njiani" na "uko sawa". Dakika saba zinatosha kujua kesho nianzie wapi. Vikundi hivyo pia vilitatua jambo lililonikosesha usingizi, la wale wasio na simu au wanaoshiriki moja na wazazi wao, kwa sababu swali huandikwa ubaoni kabla ya kufika kundini na sauti ya mmoja hubeba mawazo ya watano. Kundi lenyewe ninalifunga saa mbili usiku kwa ule mpangilio unaowaruhusu wasimamizi pekee kutuma ujumbe, maana hata mimi nina nyumba.

Naona nimeanza kuhubiri, na huenda ndilo tatizo letu sote tulioonja sifa za mtandaoni. Basi nirudi kwako, kijana wangu. Video zako kumi na nne usizifute, zitakufaa mwanafunzi akikosa kipindi. Ila ya kumi na tano usiirekodi kwanza. Wiki hii tuma mchoro wa betri moja na balbu mbili, uliza ipi itawaka zaidi na kwa nini, kisha nyamaza hadi wajibu, hata kundi likikaa kimya siku nzima. Kimya hicho kitakutisha. Kwangu kilidumu saa ishirini na sita.

Kuhusu taa, ninayo ile ya duara niliyoinunua enzi za shati la kupigwa pasi mara mbili. Mguu wake mmoja umevunjika, na iko juu ya kabati. Nikihitaji mwanga wa kupiga picha mchoro wa sakiti, ninausogeza dirishani.