Ukipangiwa mazoezi ya mapafu, anza na viatu

Siku ya kwanza nilikwenda na kandambili. Nilivyozoea mimi, hospitali unakaa kwenye benchi unasubiri kuitwa jina, sasa viatu vya nini? Kijana wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, akaniangalia miguu, akatabasamu. "Shikamoo mama. Leo tunatembea." Kandambili zikawa zinateleza, nikazivua, nikatembea pekupeku kwenye sakafu ya sementi. Mwezi wa sita, Mbeya. Anayeijua Mbeya ya mwezi wa sita atanionea huruma.

Nimechoma vitumbua karibu na Mwanjelwa kwa miaka ishirini na ushee, kwanza kwa kuni, baadaye mkaa. Katikati hapo nikaugua TB, nikameza dawa miezi 6, nikaambiwa nimepona. TB kweli ilipona. Kifua ndicho kilichobaki. Kila nikienda na kikohozi zahanati moja nisiyoitaja, narudi na antibaiotiki, na mara mbili walitaka kunianzishia upya dawa za TB wakati makohozi yamepimwa hayana kitu. Mpaka nilipofikishwa kwenye kile kipimo cha kupuliza, unavuta pumzi yote halafu unapuliza mpaka tumbo linagusa mgongo, ndipo nikaelezwa: ugonjwa sugu wa mapafu. TB iliacha makovu, moshi ukaongezea. Hautaisha, ila kuna dawa za kuvuta, na kuna mazoezi.

Nikadhani daktari ananitania. Nilikuwa nasimama mara tatu kupanda kilima cha nyumbani kwetu: kwenye kibanda cha wakala, kwenye mparachichi na getini kwa kanisa. Mtu huyo ndiye umpeleke mazoezini?

Lakini yule kijana alinieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Mapafu yangu, alisema, hayatarudi kuwa mapya kwa mazoezi. Kinachofanyiwa matengenezo ni miguu. Miaka minne ya kukaa ilikuwa imelegeza misuli ya mapaja, na msuli uliolegea unamaliza hewa haraka kama gari bovu linavyomaliza mafuta. Miguu ikipata nguvu, pumzi ileile kidogo niliyonayo inanifikisha mbali zaidi.

Nikakumbuka nilivyofika hapo. Nikishika ndoo, mwanangu anaipokea. Nikishika fagio, mkwe anasema, "Mama, pumzika." Upendo mtupu, nami nikaukubali, nikapumzika. Nikihema kidogo naogopa, nikiogopa nakaa, nikikaa miguu inazidi kulegea, kesho yake nahema mapema zaidi. Mwaka wa pili nikawa naoga nimekaa kwenye kigoda. Kwa hiyo ukiwa na mgonjwa wa kifua nyumbani, mwachie kazi ndogo ndogo. Kumnyang'anya fagio siyo kumuuguza.

Basi, maandalizi. Viatu vya kufunga, hata vya mtumba, visiteleze. Sweta unaloweza kulivua, maana utaanza na baridi umalize na jasho. Kula, ila usishibe. Ugali ukijaa tumboni pumzi inakosa pa kwenda, kwa hiyo mimi nilikuwa nakunywa uji na yai saa moja na nusu kabla. Beba dawa yako ya kuvuta, ile ya kufungua kifua, na uulize kama uivute dakika chache kabla ya kuanza. Halafu piga hesabu ya nauli ya programu nzima, siyo ya siku moja. Yangu ilikuwa wiki 8, mara mbili kwa wiki. Wengi niliowaona wakiacha hawakushindwa na mazoezi, walishindwa na bajaji. Na usitafute mlango wenye kibao kikubwa cha mazoezi ya mapafu, huenda usiuone. Uliza idara ya fiziotherapia.

Utaanza na kipimo cha dakika 6. Korido imepimwa, mwisho huu na ule wameweka koni, wewe unakwenda na kurudi. Kidoleni umebanwa kile kidude cha kusoma oksijeni. Usishindane na namba ya oksijeni ya shemeji yako wa Dar, kule pwani. Sisi huku tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, namba zetu zinaweza kuwa chini kidogo. Unaruhusiwa kusimama, lakini saa haisimami. Mimi nilisimama mara mbili, nikafikisha mita 210. Kabla na baada wanakuuliza unahema kiasi gani, kutoka sifuri mpaka kumi. Nikajibu "mbili" kwa aibu, huku nimeshikilia ukuta. Kijana akasema, "Mama, ukuta unasema saba." Usidanganye hapo. Ile namba ndiyo inayopanga mazoezi yako. Mimi niliambiwa nitembee kwenye tatu au nne, yaani nahema lakini sentensi fupi inatoka.

Kitu cha thamani kuliko vyote nilichopewa ni namna ya kuhema. Vuta kwa pua taratibu, halafu toa kwa midomo uliyoibana, kama unapoza uji wa mtoto kwenye kijiko. Usipulize kwa nguvu. Kutoa kuwe karibu mara mbili ya kuvuta. Mapafu yetu tatizo lake mara nyingi ni kwamba hewa ya zamani haijatoka, na sisi kwa hofu tunazidi kuvuta mpya juu yake. Ukibanwa, simama, inama mbele kidogo, weka mikono kwenye meza au magotini, poza uji wako. Siku niliyobanwa katikati ya korido nikafanya hivyo, pumzi ikarudi yenyewe bila mtu kunibeba, sikuogopa tena kama zamani. Nahema bado. Ila najua itarudi.

Nguo kwenye kamba zilinishangaza. Kwa nini kuanika kunichoshe kuliko kutembea? Kumbe mikono ikiwa juu, misuli ya mabega na kifua inayokusaidia kuhema inakuwa imeshikwa na kazi nyingine. Sasa natoa pumzi wakati ninanyanyua, navuta mikono ikishuka. Kamba yenyewe nimeishusha.

Wiki ya pili nilitaka kuacha. Mapaja yaliuma, choo cha kuchuchumaa kikawa mateso. Hayo maumivu ya misuli ni ya kawaida, yanapita. Yasiyo ya kawaida ni haya: kifua kuuma, kizunguzungu, midomo kuwa ya bluu, homa, makohozi kubadilika rangi au kuongezeka ghafla. Hapo usijikaze, acha na umwone daktari. Ukikohoa damu, nenda siku hiyohiyo.

Dawa ya kuvuta nayo nilikuwa naikosea miaka yote, naipuliza mdomoni kama pafyumu. Walinitengenezea kifaa kwa chupa ya maji ya nusu lita, wakatoboa kitako kwa kipimo cha mdomo wa dawa. Unatikisa dawa, unapachika, unabonyeza, unavuta polepole kupitia mdomo wa chupa, unashikilia pumzi mpaka kumi. Muombe mtaalamu akutengenezee na akuone unavyovuta. Kama moja ya dawa zako ni ya steroidi, ile ya kutuliza uvimbe kwenye njia za hewa, sukutua baada yake, la sivyo unaweza kupata utando mweupe mdomoni.

Mkaa nimeacha, nimehamia gesi. Vitumbua vya gesi siyo vilevile, wateja wananiambia na mimi nakubali.

Mwisho wa wiki ya nane nilifikisha mita 285, nikasimama mara moja tu. Kilimani siku hizi nasimama kwenye mparachichi peke yake. Kuna mwenzangu alianza na mita nyingi kuliko mimi, akamaliza, akarudi kwenye kochi, na miezi michache baadaye alikuwa pale alipoanzia. Hiyo nguvu haikai bila kulishwa. Kwa hiyo siku nne kwa wiki natembea nusu saa. Kiangazi natembea barabarani baada ya saa tatu asubuhi, jua likishatoka. Kipupwe hewa ya nje inanikata kifua, basi nazunguka ndani ya jengo la soko la Mwanjelwa. Wauza vitenge wameshanichoka. "Mama karibu, mama unatafuta nini leo?" Siwezi kuwajibu, midomo imebanwa, napoza uji. Nawanyooshea kidole kimoja, nasonga mbele, na nikizunguka tena wanauliza vilevile.