Re: Biti zinaungua nikitoboa springi ya gari

Mkuu, umeuliza kwa nini biti tatu za drili zimeungua ukitoboa sehemu ya mpini ya kisu unachotengeneza kwa springi bapa ya gari. Usikimbilie maduka ya Gerezani, Kariakoo, kununua nyingine. Springi hiyo ilishakazwa (ilifanywa ngumu kwa moto) kiwandani, lazima uilainishe kwanza.

Washa jiko la mkaa, pulizia feni, ipashe mpaka iwe nyekundu na sumaku isiinate tena (kama nyuzi joto 770 za Selsiasi hivi). Iache iwake zaidi kidogo, kisha izike kwenye majivu hadi asubuhi. Majivu makavu! Mimi mara ya kwanza nilitumia yaliyonyeshewa, chuma kikapoa haraka, kikabaki kigumu vilevile.

Jaribu kukikwangua kwa tupa: ikiteleza kama kwenye kioo, rudia. Ikila chuma, toboa. Drili izunguke taratibu, kandamiza vizuri, dondoshea oili. Chuma kitoke kimejikunja kama maganda ya penseli; ukiona unga na moshi, acha hapo hapo.

Kukaza tena ni baada ya matundu yote. Kipashe tena vilevile mpaka sumaku isiinate, kisha zamisha kwenye oili ya vuguvugu, si maji, maana kinaweza kupasuka. Halafu kiweke kwenye oveni nyuzi 200 kwa muda wa saa mbili, kisiwe rahisi kuvunjika. Mama watoto akubali, lakini.