Kabla Hujamwamini Mtu wa Kinyago, Uliza Nani Kamlipa

Juzi mpwa wangu anayesoma chuo kule Nyegezi alinirushia video. Mtu kavaa kinyago cheusi, sauti kaifanya nzito kwa programu ya simu, anazungumzia ndoa, mikopo, ajira za vijana na ulevi. Anachekesha kweli, nilicheka mara mbili. Chini yake mpwa wangu kaandika: "Mjomba, anayosema yananigusa. Ila tunamwaminije mtu asiyeonyesha hata sura?"

Nilianza kumjibu kwa mstari mmoja, nikafuta. Swali hilo lina deni langu ndani yake. Nimefanya kazi ya kinyago miaka mitatu hapa Mwanza. Najua mtu wa kinyago anavyoaminiwa kwa sababu niliaminiwa mimi, na kuna siku niliaminiwa mahali nisipostahili.

Kazi yenyewe ilikuwa ya matangazo. Tulikuwa na kirikuu yenye spika mbili kubwa, jenereta, DJ mmoja, na mimi. Kinyago nilikitengeneza mwenyewe nyumbani Mabatini, kwa magazeti ya zamani na gundi ya unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likikauka juani kabla ya jingine. Ulikuwa uso wa mzee: mashavu yamebonyea, meno matatu, ndevu za katani. Ukikivaa saa sita mchana pale Igoma, pumzi yako inakurudia usoni ikiwa ya moto, na kupitia matundu mawili ya macho unaona watu wachache tu kwa wakati mmoja. Watoto waliniita Babu. Niliinamisha mgongo, nikashika fimbo, nikakwaruza sauti, na kweli nikawa Babu.

Tulitangaza vyandarua, sabuni, laini za simu, mechi za Kirumba. Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya dawa za kichocho kwenye mialo, kule mitumbwi ya wavuvi inakotia nanga. Kwetu sisi wa mwambao kichocho si ugonjwa wa kusoma kitabuni. Vimelea vinatoka kwa konokono wa majini, vinapenya ngozi ya mtu anayefua, anayeoga au anayesukuma mtumbwi, na hakuna anayeishi kwa ziwa ambaye hakanyagi maji. Lakini dawa watu wanaiogopa. Ukiimeza tumbo likiwa tupu unaweza kupata kichefuchefu, na kichefuchefu cha mtu mmoja kikifika mwalo wa pili kinakuwa kimeshaua watu watatu. Muuguzi alikuwa anaeleza vizuri, watu wananung'unika. Babu akaenda kusimama kwenye ule mti wenye alama, wanaokupimia urefu wajue umeze vidonge vingapi, akalalamika kwamba uzee umemfupisha amepunjwa vidonge, akauliza kwanza uji uko wapi. Watu wakacheka, wakala, wakapanga foleni.

Hapo ndipo nilipoelewa nguvu ya kile kitu. Bila kinyago mimi ni kijana wa Mabatini, na mtu ana haki ya kuniuliza nimesoma wapi na mbona mwenyewe sijaoa. Kinyago kinafuta maswali hayo yote. Kila mtu anamweka babu yake mle ndani. Mama mmoja wa makamo alikuwa akiniamkia "Mwangaluka, Babu" kila tulipofika kwao, na alijua kabisa kwamba mle ndani kuna kijana.

Nawaomba mkumbuke kwamba siku ile ya kichocho muuguzi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka nilipo, uso wazi, jina lake kifuani. Babu akikosea, yeye yupo. Mtu akiumwa, anajua zahanati iko wapi.

Siku ya mikopo haikuwa hivyo.

Tulikodiwa na watu waliokuwa wakikopesha akina mama wanaoanika dagaa kule Igombe na Kayenze. Nilipewa karatasi yenye maneno ya kusema, nikayapamba kwa sauti ya Babu: "Wajukuu zangu, elfu kumi kwa siku tu! Elfu kumi ni nini kwa mwanamke mwenye mikono?" Wakacheka, wakaitikia, wengine wakapiga vigelegele. Afisa mikopo alibaki kwenye gari, kioo kimepandishwa. Sikuuliza riba ni kiasi gani. Nililipwa posho yangu jioni, nikaosha uso, nikalala.

Miezi kadhaa baadaye nilirudi Igombe kununua dagaa wa nyumbani, bila kinyago. Nikakuta mama mmoja anasimulia wenzake habari za cherehani yake. Alikopa laki mbili. Wakakata elfu kumi ya fomu, akaondoka na laki moja na tisini. Rejesho likawa elfu kumi kila siku kwa siku 26, yaani laki mbili na sitini. Wasiojua maisha ya mwaloni wataona ni jambo la kujipanga tu. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inavuta dagaa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haina kazi, mitumbwi inapumzika, na mama wa kuanika hana cha kuanika kwa siku nyingi mfululizo. Ikinyesha mvua nayo, waliokwisha kuanikwa wanaoza mchangani. Rejesho halijui mwezi wala mvua. Siku ya nne bila kulipa walichukua cherehani, siku ya saba godoro.

Mwenzake akamuuliza kwa nini hakusoma karatasi kabla ya kutia dole gumba. Akajibu, "Babu alisema elfu kumi tu."

Nilikuwa nimeshika ndoo ya dagaa wangu, nusu imejaa. Wahenga walisema kinyago ukichongacho mwenyewe hakikutishi. Changu kilinitisha.

Baadaye ndipo nikatafuta yale niliyopaswa kuyatafuta mapema. Tanzania tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wasiopokea amana ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki mbili hiyo ni elfu saba. Yule mama alitozwa elfu sitini, ukiacha ile ya fomu. Watu wanaiita mikopo ya namna hii kausha damu, na jina limekaa mahali pake. Mtandaoni hali ni hiyo hiyo: Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Elfu saba dhidi ya elfu sitini ni hesabu ya mtoto wa shule ya msingi, na mimi niliyekuwa na kipaza sauti sikuipiga.

Kwa hiyo, mpwa wangu, tuwakatae wote wanaojifunika? Hapana, nami nitabishana na yeyote anayesema hivyo.

Kuna mtu anayefunika uso kwa sababu akiuonyesha atauawa. Mwandishi wa habari wa Ghana, Anas Aremeyaw Anas, huficha uso kwa nyuzi za shanga zinazoning'inia kutoka kwenye kofia. Mwaka 2015 video zake za siri zilionyesha majaji na mahakimu wakipokea rushwa, na wengi wao wakafukuzwa kazi. Mwenzake Ahmed Hussein-Suale aliuawa kwa risasi jijini Accra Januari 2019, miezi michache baada ya picha yake kuonyeshwa kwenye televisheni. Ukiisikia habari hiyo huwezi tena kusema kwamba mwenye kinyago ni mwoga. Halafu tazama: Anas anajulikana kwa jina, na anachokisema anakileta na ushahidi ambao mtuhumiwa anaweza kwenda kuupinga mahakamani.

Kuna pia Superbarrio wa Mexico City, anayenigusa zaidi kwa sababu alikuwa mtu wa burudani kama mimi. Tetemeko la Septemba 1985 lilibomoa nyumba nyingi, na wapangaji maskini wakabaki wakihangaika na kufukuzwa. Mwaka 1987 akatokea mtu kavaa kinyago cha mpiganaji wa mieleka, chekundu na njano, akawa anafika kwenye nyumba wanazotaka kuwatoa watu, anasimama mlangoni pamoja nao. Maneno yake yalikuwa na miguu. Aliyefukuzwa alimwona pale, siku ile ile. Mimi baada ya lile tangazo la mikopo, kwa miezi yote ile sikurudi Igombe hata mara moja kuuliza habari.

Na msidhani uso wazi ndio dawa. Wako watu maarufu tunaowajua mpaka majina ya watoto wao, na wanasoma karatasi za matangazo kama nilivyosoma mimi.

Usukumani tuna kipimo cha zamani. Kule Bujora, Kisesa, wakati wa sherehe ya Bulabo mwezi Juni, Wagika na Wagalu, makundi mawili ya wachezaji, wanashindana kwa ngoma. Manju, yaani kiongozi wa nyimbo, anaimba uso mtupu, anawasema wazembe, anawasema wapinzani, haoni haya. Kila mtu uwanjani anajua ni mtoto wa nani na anatoka kijiji gani, na akidanganya, manju wa upande wa pili anamjibu mbele ya watu wale wale. Hata kusini, ambako mchezaji wa Kimakonde anafunika kichwa kizima kwa kinyago cha mbao na watoto hawaruhusiwi kujua ni nani, wazee waliomkabidhi kile kinyago wanamjua. Sura imefichwa kwa watazamaji, haijafichwa kwa kijiji. Hilo ndilo ninaloliona halipo kwenye video nyingi tunazorushiana: kinyago kipo, na wazee wa kinyago hawapo.

Basi hivi ndivyo ninavyofanya mimi siku hizi ikinifikia video ya namna ile. Kwanza nasubiri kicheko kiishe. Maneno yaliyoingia na kicheko yanapita bila kukaguliwa, najua kwa sababu nilikuwa nayapitisha hivyo makusudi. Nikitulia nayarudia kwa sauti yangu ya kawaida, pole pole: "Elfu kumi kwa siku ni kidogo." Yakibaki na maana bila sauti ya Babu, naendelea. Nauliza nani anapata fedha mimi nikiamini. Natazama alichokisema mwezi uliopita, na kama alikosea, je, alirudi akasema amekosea? Mtu wa kinyago anayejisahihisha mbele ya watu nampa uzito kuliko daktari asiyejisahihisha.

Tena natofautisha maneno yenyewe. Akinieleza uchungu wa kijana aliyemaliza chuo hana kazi, sihitaji cheti chake, najua anachokisema ni kweli kwa sababu nakiona mtaani. Akiniambia meza hiki, saini hapa, huyu mama ni mchawi, nataka mtu mwenye uso na ofisi. Kwetu Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni, na ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa sababu ya maneno ya waganga. Jambo la uhai wa mtu lisipokelewe kutoka kwa asiyeweza kuitwa kesho akajibu.

Na wewe unayevaa kinyago, kijana mwenzangu, endelea kuvaa. Kuna mambo mtaani hapa hayasemeki kwa uso mtupu, na watu wanakuhitaji. Ila awepo angalau mtu mmoja anayeheshimika anayejua wewe ni nani na anaruhusiwa kukukemea. Ukilipwa, sema umelipwa, kwa sauti ile ile ya kuchekesha. Na karatasi uliyopewa usiisome mbele ya watu kabla hujapiga hesabu yake mwenyewe.

Wiki mbili baada ya kusikia habari ya ile cherehani nilirudi Igombe, kinyago kikiwa kwenye mfuko wa sandarusi. Nilimkuta yule mama akigeuza dagaa kwa fagio. Nikamsalimu, nikamwambia, "Mayu, Babu aliyetangaza ile mikopo ni mimi." Hakuamini. Akaniangalia miguu, akaniangalia mikono.

"Sema ile ya elfu kumi."

Nikaisema, kwa ile sauti ya kukwaruza. Fagio likasimama.

"Ndiyo wewe," akasema.

Hakunitukana. Tulikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, tukaandika kwenye daftari alichopokea, alichorudisha na vitu vilivyochukuliwa, halafu siku iliyofuata nikaenda naye ofisi ya kata. Cherehani haijarudi mpaka leo. Lakini jioni ile ya kwanza, wenzake walipoanza kuja kufunga dagaa kwenye magunia, alinyoosha kidole kwenye mfuko wangu. "Vaa," akaniambia, "uwaambie na wao, kwa sauti ile ile."

Nilivaa. Nikawaambia kuhusu elfu saba na elfu sitini, wakasikiliza. Halafu nikakivua pale pale mbele yao, nikataja jina langu, jina la baba yangu, na mtaa ninaokaa Mabatini.