Predjama: hekaya inayopimwa kwa mwamba

Mhariri, juma hili mmetuuliza ni ngome ipi ya kale ya mashambani ambayo hekaya zake zinastahili kusadikiwa. Mimi naitaja Predjama, iliyoko kusini-magharibi mwa Slovenia, kilomita zipatazo 9 kutoka mapango ya Postojna, ingawa katika hekaya yake mashuhuri ipo sehemu ninayoikubali na ipo ninayoikataa.

Kwa Kislovenia jina hilo lina maana ya "mbele ya pango", na ndivyo mahali penyewe palivyo. Jabali la mawe ya chokaa limesimama wima kwa kimo cha mita 123, na katikati yake, kwenye mdomo wa pango, ndipo ngome ilipopachikwa. Mjenzi hakuhitaji kujenga kuta zote, kwa kuwa mwamba ulimsaidia: ndani yake mtu huweza kukuta upande mmoja umepigwa lipu na upande wa pili ni jabali tupu lenye unyevu.

Hekaya inamhusu Erazem, bwana wa ngome hiyo katika karne ya 15. Inasimuliwa kwamba alimuua jamaa wa Frederick III, Kaisari wa Dola Takatifu la Kirumi, kwa kulitetea jina la rafiki yake, Andrej Baumkircher, aliyekatwa kichwa mjini Graz mwaka 1471. Kaisari aliagiza akamatwe, na gavana wa Trieste akaja na askari kuizingira ngome, akitumaini kwamba njaa itamtoa ndani. Miezi ikapita, naye Erazem hakutoka; badala yake aliwatupia waliomzingira matunda ya cheri yaliyotoka kuchumwa, ili wajue kwamba hakupungukiwa na chochote.

Sehemu hii naikubali, si kwa sababu inapendeza, bali kwa sababu mwamba wenyewe unaishuhudia. Nchi ile ni ya mawe ya chokaa, na maji ya mvua, kwa maelfu ya miaka, yameyayeyusha mawe hayo na kuchimba humo mapango na mifereji isiyohesabika. Nyuma ya ngome ipo njia inayopita ndani ya jabali hadi juu, ambako kuna misitu na mashamba. Jeshi lililopiga kambi bondeni lililinda mlango wa mbele tu, wakati chakula kiliweza kuingia kwa nyuma, na maji yalipatikana kwa matone yadondokayo kutoka kwenye mwamba. Hapo cheri si muujiza tena.

Kifo chake ndicho kinachonitia shaka, angalau kwa namna wageni wanavyokielewa. Inasemekana mtumishi mmoja alihongwa, na usiku Erazem alipokwenda chooni, mahali pekee ambapo kuta zilikuwa dhaifu, mtumishi yule akatoa ishara na mzinga ukapigwa. Jambo hilo huwekwa mwaka 1484. Lakini jengo tunaloliona leo, lenye madirisha yaliyopangwa vizuri na paa lake lililoinama, ni la mnamo mwaka 1570, kazi ya ukoo wa Cobenzl. Erazem alikuwa amekwisha kufa kwa zaidi ya miaka 80. Ngome yake yeye ilijificha ndani zaidi ya pango, na ni mabaki yake tu yaliyosalia. Kwa hiyo mgeni anayesimama ndani ya jengo hili na kudhani kwamba hapo ndipo tufe la jiwe la mzinga ule lilipopita, anayatazama mawe ambayo Erazem hakuyajua. Naliona hili kuwa jambo zito, kwa sababu hekaya ikipewa ushahidi usio wake, hata ile sehemu yenye ushahidi wa kweli huanza kutiliwa shaka.

Tukumbuke pia kwamba Valvasor, mwandishi aliyeisambaza habari hii, alichapisha kitabu chake mwaka 1689, karne mbili baada ya mzingiro. Katika muda huo, vizazi kadhaa vya wasimulizi vilikwisha kuipitisha mdomoni.

Kando ya kanisa dogo la kijijini, chini ya jabali, inasemekana ndiko alikozikwa, na mpenzi wake akapanda mti wa lindeni juu ya kaburi. Hilo hakuna mwamba wa kulipimia, nami nalipokea kama wenyeji wanavyolisimulia.