Paka mwenye kisukari: je, nimchukue?

SWALI: Hujambo, daktari. Ninaishi peke yangu Kasarani, na nimempenda paka dume wa miaka 9 hivi aliye katika kituo kimoja cha kuokoa wanyama hapa Nairobi. Amehasiwa, ni mnene, na wahudumu wamenieleza kwamba ana kisukari na hudungwa yuniti 2 za insulini asubuhi na jioni. Mimi hutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa moja jioni, au baadaye zaidi Thika Road ikifunga. Je, nitaweza kumtunza, au nitakuwa ninamchukua nikamuue?

JIBU: Sijambo. Kwa maelezo uliyotoa, mimi ningemchukua, ila kuna sharti moja ambalo halihusu huruma wala mfuko: ni lazima katika siku yako upate nyakati mbili, zilizoachana kwa takriban saa 12, ambazo ni za paka huyo na si za kazi wala za matatu. Ukimdunga dakika chache kabla ya kutoka na tena mara tu unapofika, utakuwa umepitiliza kwa saa moja na kidogo, jambo ambalo paka wengi hulivumilia. Siku utakayokwama barabarani hadi saa nne usiku, dozi hiyo iache, umdunge asubuhi kwa kipimo kile kile cha kawaida. Usifidie kamwe kwa kuongeza, kwa maana paka aliyekosa dozi moja huamka na kiu tu, lakini aliyepewa mbili kwa mpigo anaweza asiamke.

Dume mnene, aliyehasiwa na mwenye umri kama huo ndiye hasa anayepatwa na ugonjwa huu. Kisukari cha paka hufanana na kile cha watu wazima: mwili huacha kuitii insulini, na kongosho huchoka. Uliza pia kama aliwahi kutibiwa kwa dawa za steroidi, kwa sababu hizo nazo huweza kukichochea. Wapo paka ambao sukari yao hurudi kawaida hata wakaachishwa sindano, hasa tiba inapoanza mapema na chakula kinapobadilishwa, lakini usimchukue kwa kutegemea hilo.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia hofu kuliko yote, nalo ni bomba la sindano. Insulini iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama aghalabu huwa na yuniti 40 katika kila mililita, ilhali ile ya binadamu inayouzwa katika maduka mengi ya dawa huwa na yuniti 100, na kila moja ina bomba lake lenye mistari yake. Mteja wangu mmoja alikuwa akitumia insulini ya binadamu kama nilivyomwandikia; mabomba yakamwishia, akaazima mengine kwa rafiki aliyekuwa na paka mgonjwa, nayo yalikuwa ya yuniti 40. Alivuta hadi mstari wa 2 kama kawaida, na kumbe amevuta yuniti 5. Saa chache baadaye paka alikuwa akiyumba kama mlevi na kugonga miguu ya meza. Alipona, kwa sababu mwenyewe alikuwa nyumbani siku hiyo. Kwa hiyo, usiondoke kituoni kabla ya kusoma kwa macho yako kilichoandikwa kwenye chupa na kwenye bomba, na uhakikishe kwamba namba hizo zinalingana.

Kuyumba huko, kutetemeka, unyonge wa ghafla au degedege ni dalili kwamba sukari imeshuka mno. Mpake asali au glukosi kwenye fizi, bila kummiminia mdomoni asije akapaliwa, kisha mkimbize kwa daktari. Ndiyo maana humlisha kwanza: akila vizuri, mdunge, akigoma kula au akitapika, usimpe dozi kamili kabla ya kumpigia daktari wako. Paka wa kisukari anayekataa chakula siku nzima ni dharura, kwa hiyo tafuta mapema kliniki inayopokea wagonjwa usiku.

Kudunga kwenyewe ni kazi ndogo. Akiwa ameinamia bakuli, inua ngozi ya ubavuni kwa vidole viwili mpaka isimame kama hema dogo, ingiza sindano chini yake na usukume. Ukigusa manyoya ukakuta unyevu, dawa imemwagika nje, na hata hivyo usirudie, maana huwezi kujua ni kiasi gani kilichoingia. Chupa hukaa kwenye friji, si kwenye sehemu ya barafu. Stima ikipotea kwa saa chache usiitupe dawa, kwani baridi ya Nairobi si joto la Mombasa.

Kuhusu chakula, ugali na omena ambao paka wengi wa mjini hulelewa nao haumfai huyu, na kosa ni la ugali. Chakula cha mkebe chenye nyama nyingi na wanga kidogo ni bora kuliko kile kikavu. Omena waliochemshwa bila chumvi wanaweza kuwa kionjo, lakini si mlo kamili. Usimkondeshe kwa haraka, wala usibadilishe mlo bila kumwarifu daktari, kwa kuwa wanga ukipungua, dozi nayo huenda ikalazimika kupunguzwa.

Mwombe daktari akufundishe kupima sukari kwa tone la damu la ukingo wa sikio. Paka aliyeogopa kliniki hupandisha sukari kwa woga tu, hivyo kipimo cha nyumbani mara nyingi husema kweli zaidi. Tumia mashine ile ile kila mara. Gharama zitakuwa nzito miezi ya mwanzo, dozi inapotafutwa, kisha hupungua.

Kabla ya kutia saini, omba rekodi zake za matibabu na jina la insulini anayotumia, kisha uombe ruhusa ya kumdunga wewe mwenyewe pale kituoni, jioni mbili, mhudumu akikutazama.