Gemu ya Shilingi Mia na Kina Chake

Vijana wanaoanza kutengeneza gemu za simu hapa Kisumu huniuliza bei kabla ya jambo lingine lolote. Niweke shilingi hamsini? Mia? Ama niiache bure, nitie matangazo? Nami huwauliza hivi: mtu akiicheza mara ya kumi, atakuwa anawazia nini ambacho hakukiwazia mara ya kwanza? Jibu la hilo ndilo ninaloliita kina cha gemu. Ukilikosa, hata shilingi hamsini ni ghali.

Tuanze na hesabu. Tangu Julai 2021, Google Play huchukua asilimia 15 ya mapato yako mpaka ufikishe dola milioni 1 kwa mwaka. Gemu ya shilingi 100, kabla ya kodi, inakuachia 85. Sasa tuseme unataka leveli kumi mpya, yaani hatua za mchezo, na mchoraji amekuambia 60,000. Utahitaji wanunuzi zaidi ya mia saba ili umlipe yeye tu, na wewe bado hujapata kitu. Mchezaji naye atazimaliza zote jioni moja akingoja mvua ikatike, kisha aulize nyingine ziko wapi. Gemu ya simu ya Monument Valley ya mwaka 2014 ilikuwa nzuri ajabu, ikauzwa karibu dola 4 ikiwa na sura kumi. Walipotoa sura za nyongeza kwa karibu dola 2, baadhi ya wanunuzi waliipa nyota moja kwa sababu tu wametakiwa kulipa tena. Ikiwa kazi ya ustadi ule ilipata malalamiko hayo, wewe mwenye mtaji mdogo usiingie kwenye mashindano ya wingi wa leveli.

Bei ya chini haiwezi kubeba wingi wa leveli, lakini inaweza kubeba kanuni nzuri ya mchezo. Nenda steji ya bodaboda pale Kondele saa ambayo abiria ni wachache, utakuta watu wameuzunguka ubao wa drafti, kete zao vizibo vya soda. Hakuna aliyewaongezea leveli, na wanaocheza wamecheza miaka. Angalia kanuni moja tu: ukiweza kula, lazima ule. Kwa sababu hiyo unaweza kumtolea mwenzako kete moja kwa makusudi, umvute mpaka mahali utakapomlia tatu. Kanuni hiyo haikuhitaji mchoro, wala sauti, wala megabaiti hata moja, na mitego yake haiishi. Ajua ya Wajaluo ni hivyo hivyo, mashimo na mbegu basi.

Kanuni kama hiyo unaipataje? Ushauri wangu ni ufanye vitu viwili ambavyo mchezaji anavipenda vigombanie akiba moja. Chukua gemu ya kuvua omena usiku. Ikiwa kazi ni kuwasha taa, samaki waje, uvute wavu, mtu ataichoka siku ya pili. Lakini fanya betri moja ndiyo inayowasha taa na ndiyo inayosukuma injini ya kurudi ufuoni. Taa ikikaa zaidi, omena wanaongezeka na safari ya kurudi inazidi kuwa ya hatari. Ongeza la pili: bei ya samaki inashuka kadiri boti nyingine zinavyotangulia kufika. Sasa kila dakika mchezaji anajiuliza, nirudi ama nikae kidogo? Hujachora hata boti moja mpya, na swali hilo halijibiki kwa namna moja kila usiku. Jaribu kwanza kwa karatasi na maharagwe mezani. Ikivutia hapo, ndipo ufungue Godot, programu ya kutengenezea gemu, ambayo ni ya bure na haitakudai chochote ukianza kuuza.

Kina hakitakulinda na waigaji, hilo mlijue mapema. Threes, gemu ya kuunganisha namba, ilitoka Februari 2014 kwa karibu dola 2, baada ya kazi ya zaidi ya mwaka mmoja ya kupima kila kanuni. Mwezi uliofuata ikaja 2048, gemu inayofanana nayo, iliyotengenezwa na kijana Mwitaliano kwa siku chache, bure kabisa, ikaenea dunia nzima. Watengenezaji wa Threes waliumia, na waliweka hadharani barua pepe zao za kazi ili watu waone jasho lililomwagika. Mimi nasoma pale mambo mawili. Wazo zuri likiwa jepesi kueleweka, litaigwa. Na ukiona gemu yako inafaa kuwa bure, ni afadhali wewe mwenyewe utangulie. Wenye gemu ya Vampire Survivors walipoileta kwenye simu Desemba 2022 waliitoa bure, wakaweka matangazo ambayo mchezaji huyachagua mwenyewe, kwa mfano anapotaka kufufuka baada ya kufa. Hakatizwi katikati ya mchezo.

Hapo ndipo naomba mnisikize kwa makini, dada na kaka zangu, maana hapa ndipo gemu nyingi huharibiwa. Mkishaingiwa na hofu ya mapato mtashawishika kuuza kile kina chenyewe: mchezaji asubiri kwa muda wa saa nne ama alipe, au adui aongezwe nguvu ili silaha ya shilingi 50 inunuliwe. Vijana wetu wamezoea kulipia mechi za mpira kwenye vibanda vya PlayStation. Wanatoa pesa yao, wanacheza, aliyeshindwa anaondoka akijua ameshindwa na mtu. Hakuna anayeuziwa mguu wenye nguvu zaidi dakika ya themanini. Ukiuza ushindi, umefuta maana ya kufikiri, na kufikiri ndiko ulikokuwa unauza. Uza rangi za boti, uza ramani ya ziada, uza gemu nzima kwa bei moja. Ushindi usiuze.

Kumbukeni pia kwamba bei haiishii kwenye M-Pesa. Mwenye simu ya memori ndogo atakayefuta picha za familia ili gemu yako iingie amekwisha kulipa. Ikidai bando kila inapofunguliwa, analipa tena. Ifanye ichezeke bila intaneti, na uipunguze uzito kila unapopata nafasi.

Kuhusu duka lenyewe: gemu ikishatolewa bure kwenye Google Play haiwezi kugeuzwa kuwa ya kulipia, itakubidi upandishe nyingine upya. Kwa hivyo amua kabla. Kutoka bei ya juu kushuka kunaruhusiwa, na unaweza kuweka bei tofauti kwa kila nchi. Usimtoze mtu wa Nyalenda sawa na mtu wa London. Akaunti mpya ya mtu binafsi inakutaka uwe na wajaribuji 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuchapisha. Wengi hukusanya majina ya marafiki ili kutimiza sharti tu. Wewe watafute watu wasiokujua, wape simu, unyamaze. Usiwaulize kama wameipenda, kwa sababu watakuambia ndiyo kwa heshima. Angalia ni nani anayeifungua tena siku ya tisa bila kukumbushwa, na umwombe akueleze mara ya mwisho alivyocheza. Akikueleza mbinu ambayo wewe mtengenezaji hukuwahi kuiwazia, weka bei, na usiogope hiyo mia.