Muwasho wa mapajani usioisha kwa mwenye kisukari, mimi ulinitesa miaka mitatu

Dada nimesoma swali lako mara mbili. Mzee wako ana kisukari mwaka wa sita huu, anawashwa mapajani, kwapani na chini ya kitambi, umezitaja tyubu saba za dawa ya kupaka mlizokwishanunua na zote hadithi ni hiyohiyo, wiki ya kwanza anapona, wiki ya tatu imerudi na imeongeza eneo, na sa hivi ngozi ya hapo imekuwa laini kama karatasi ya sigara. Hiyo karatasi ya sigara ndo imenifanya nikae chini niandike, maana na mimi nilifika hapohapo.

Mi sio daktari. Ni dereva wa lori, miaka mingi nimekula barabara ya Dar kwenda Tunduma, na sukari niliambiwa ninayo 2014. Muwasho ukaanza kama 2016 hivi. Kazi yenyewe unaijua, unakaa kwenye siti ya plastiki masaa kumi, jasho linatiririka mapajani, Tunduma pale unaweza kukaa foleni siku tatu unaogea maji ya kidumu, msosi ni chipsi mayai na soda ya baridi kwasababu ndo kitu kinachopatikana saa nane usiku. Mi nilijua ni joto tu la siti. Sikuwahi hata siku moja kuunganisha muwasho na sukari, sukari nilikuwa naiona ni mambo ya vidonge asubuhi na jioni basi.

Nikaanza na duka la dawa. Nikaeleza kwa aibu, kijana akanipa tyubu ya mchanganyiko, zile ambazo ndani yake kuna dawa ya fangasi, ya bakteria na kitu cha tatu kwa pamoja. Ndugu zangu, ile dawa ni tamu! Usiku huohuo muwasho umekata, siku ya nne wekundu umeisha, nikamwambia utingo wangu hii ndo dawa sasa. Nikaacha. Haikupita mwezi ikarudi, nikanunua nyingine, ikapoa, ikarudi, nikawa nazo mbili, moja nyumbani moja kwenye dashibodi. Miaka mitatu hiyo. Ilianza kidoa cha shilingi mia, ikaja kushika mapaja yote mawili mpaka makalioni, halafu haikuwa tena na ule mviringo wa choa unaoeleweka, imekuwa madoadoa tu hayana mbele wala nyuma, hata nesi mmoja aliangalia akasema hii ni aleji.

Na hapo ndo nikachomwa sindano ya aleji. Mbili, kwa wiki mbili tofauti, kwenye zahanati ya njiani. Hawakuniuliza nina ugonjwa gani na mimi sikusema. Muwasho ulikata kweli, ila kesho yake nilipima sukari nikakuta 19, iko juu sana, nikajua mashine imeharibika nikabadilisha betri.

Sasa upande wa nyumbani. Dereva wa lori akirudi toka Tunduma anajikuna sehemu hizo, unadhani mke atawaza nini? Na yeye akaanza kupata fangasi za ukeni. Mama watoto hakupiga kelele, alihamia chumba cha watoto tu, wiki nne. Tukaenda kupima wote, ukimwi hamna, kaswende hamna, na bado hakuniamini vizuri, na mimi nikaanza kumwangalia vibaya yeye. Nalisema hili kwasababu humu kuna wanaume kibao wamenyamaza na hili jambo na ndoa zinakufa kwa kitu ambacho ni fangasi. Na kabla sijasahau, tulipimwa wote wawili na yeye sukari ikaonekana imeanza kupanda, alikuwa hajui. Mwanamke akipata fangasi ukeni kila mwezi, kipimo cha sukari cha kutoboa kidole kisikosekane, ni dakika moja.

Kuna na tiba nyingine nilipitia, mwarobaini wa kuogea, mshubiri, unga wa njano wa kiberiti uliochanganywa na mafuta ya nazi, na chupa ya kusafisha damu niliyouziwa na jamaa anayehubiri kwenye mabasi. Mwarobaini sina ugomvi nao, ulinipoza. Kile kiberiti kiliniunguza nikawa natembea kama bata. Ile chupa sijui ilikuwa na nini, nilihara siku mbili, damu sijui kama ilisafishika.

Tukio lililonishtua ni hili. 2019, duka jingine wakaniambia tyubu zimeshindwa, sasa meza vidonge vya fangasi, flukonazoli, kimoja kila siku. Mi kwa wakati huo natumia metfomini na glibenklamidi, ndo vidonge vyangu vya sukari. Siku ya tatu tumepaki Ruaha Mbuyuni, utingo kaenda kununua vitunguu, tunajiandaa kupanda mlima Kitonga. Nikaanza kutetemeka, jasho la baridi, naona mawili mawili, nashika ufunguo nashindwa kuuingiza. Utingo karudi akanikuta naongea pumba. Mtoto yule Mungu ambariki, alikuwa ameshaniona najipima mara nyingi, akatoa mashine kwenye begi akanipima, 2.6, sukari imeshuka vibaya. Akanimwagia soda mdomoni. Sasa piga picha ingekuwa dakika ishirini baadaye, kona za Kitonga, tani thelathini nyuma.

Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba flukonazoli inalizuia ini kuiondoa glibenklamidi mwilini, kwahiyo ile dawa ya sukari inabaki nyingi kwenye damu na inaendelea kushusha kama vile umezidisha dozi. Aliyeniuzia hakujua kama nina kisukari kwasababu hakuuliza, na mimi nilijua nimeenda kununua dawa ya ngozi, kisukari kinahusika nini? Basi ndo hivyo, kinahusika.

Dada yangu wa tumbo moja ameolewa Moshi, akaniambia njoo, huku kuna chuo cha ngozi pale hospitali ya KCMC, kipo tangu 1992, wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika wamesomea hapo. Nikaomba likizo nikaenda. Mama aliyenihudumia kabla hata sijavua suruali akasema toa dawa zote unazotumia uweke mezani, za kumeza na za kupaka. Nikaweka. Akaanza kusoma tyubu moja moja akasema hii ina betamethasoni, hii ina klobetasoli, hii betamethasoni tena. Hicho ndo kile kitu cha tatu nilichokisema. Ni dawa ya kutuliza, ina kazi yake kwenye ukurutu na magonjwa mengine, ila kwenye fangasi inafanya hivi: inaizima kinga ya ngozi, muwasho unakata na wekundu unaondoka, fangasi yenyewe inabaki inakula raha haisumbuliwi na mtu. Na ukipaka miezi na miezi sehemu zenye mikunjo ngozi inasinyaa inakuwa nyembamba, inatoa michirizi kama ya mama mjamzito. Michirizi ninayo hadi leo, hiyo haitoki. Na zile sindano za aleji ni ndugu zake, ndo maana sukari ilipaa mpaka 19, mashine ilikuwa nzima kabisa.

Akaniambia acha kila dawa ya kupaka wiki mbili ndo urudi tukwangue ngozi tupime. Dada, sikudanganyi, hizo wiki mbili zilikuwa jehanamu. Ukiacha ile krimu ghafla inalipuka, ikawa nyekundu yote, silali, shemeji yangu akawa ananiwekea kanga iliyolowekwa maji baridi. Mwandae mzee kwa hilo, maana wengi hapo ndo wanarudia tyubu wakiamini kuacha ndo kumewaharibu. Waombe watu wa hospitali wamwelekeze aachaje na atulize na nini.

Niliporudi wakakwangua magamba kwa kisu, wakaweka kwenye kioo na dawa yake, wakaangalia kwenye hadubini. Majibu siku hiyohiyo. Nilikuwa na fangasi za aina mbili, mapajani choa, na kwenye mikunjo ya kinena ile jamii ya hamira, ambayo inapenda unyevu na sukari. Akanionyesha kwa macho tofauti yake, choa kinakuwa na ukingo, ile nyingine ni nyekundu mbichi ina vipele vidogo vimetawanyika pembeni. Na dawa hazifanani, inayoua moja inaweza isiiweze nyingine vizuri. Mi nilipimwa ini kwanza, nikapewa vidonge vya choa wiki nne na klotrimazoli, dawa ya fangasi tupu, ya kupaka huku kwenye mikunjo. Klotrimazoli peke yake, ya bei rahisi kuliko zote saba ulizozitaja. Sharti lilikuwa nipake mara mbili kwa siku na niendelee wiki mbili baada ya kuona pamepona. Hapo kwenye kuendelea ndo wote tunafeli, ikishaacha kuwasha tyubu tunaisahau.

Ila kilichonikaa kichwani ni kipimo kingine. Alinituma nipime HbA1c, ile ya kuonyesha sukari imekaaje kama miezi mitatu iliyopita, na ikaja asilimia 11.2, mbaya sana. Mi nilikuwa najisifu asubuhi nasoma 8 au 9, kumbe mchana na usiku na zile soda ilikuwa haishuki kabisa. Akaniambia kwa sukari hii naweza kukupa dawa zote za famasi na utarudi hapa, jasho lako na ngozi yako ni shamba lililowekwa mbolea, na kinga inayotakiwa kupalilia imechoka. Akaandika barua kwa watu wa kliniki ya sukari, wakaitoa ile glibenklamidi wakanibadilishia. Ilinichukua mwaka na nusu kuishusha hiyo HbA1c kufika 7.4 na hiyo fangasi imenirudia mara mbili tu, zote nilikuwa nimelegeza, moja ilikuwa Krismasi sitaki kuielezea.

Kuna dawa mpya za sukari zinazofanya sukari itoke kwa mkojo. Ni nzuri, ila moja ya kero zake ni hizohizo fangasi za sehemu za siri, kwahiyo kama mzee kabadilishiwa dawa karibuni na muwasho wa huko ukaongezeka, amwambie daktari wake. Asiache kimyakimya.

Mambo madogo ya kila siku ninayofanya sa hivi: najifuta mpaka pakauke, mikunjo yote na katikati ya vidole, taulo langu silishei na mtu. Boksa za pamba, nabeba sita safari ya siku tatu, zikifuliwa zinaanikwa juani sio bafuni. Siti nimeiwekea kanga mbili kuukuu za mama watoto, madereva wenzangu wananicheka. Sabuni za dawa nimeacha kwasababu zinanikausha, natumia ya kawaida isiyo na harufu kali, na nikitoka kuoga mwili ukiwa bado una unyevunyevu napaka mafuta ya mgando miguuni na mikononi, ila sio kwenye mikunjo wala katikati ya vidole vya miguu, hapo mafuta yanafungia unyevu.

Miguu hujaiuliza lakini nitaisema. Kisukari kikishaua mishipa ya fahamu unyayo hautoi jasho, unakauka, magaga yanapasuka na vijidudu vinapitia hapohapo. Magaga usiyakate na wembe. Na habari za kuloweka miguu kwenye maji ya moto na chumvi achaneni nazo, jirani yangu aliloweka hasikii moto, akatoka na malengelenge mguu mzima, akalazwa mwezi. Jioni kagua nyayo za mzee, wewe mwenyewe, kwa tochi ya simu. Akiwa mbishi mwambie nimesema mimi dereva.

Kuhusu weusi wa shingoni uliosema mnausugua na limao, acheni kumsugua baba wa watu. Kama ni ule mnene kama velveti, huo sio uchafu, unatokana na insulini kuwa nyingi mwilini bila kufanya kazi yake sawasawa, ukipungua uzito unapungua wenyewe polepole. Mi wangu umefifia, haujaisha.

Na kama huko kwenu mpo wengi mnajikuna usiku, watoto nao, katikati ya vidole vya mikono, hiyo inaweza kuwa upele na inatibiwa nyumba nzima kwa pamoja, habari ya sukari haihusiki hapo. Akijikuna mwili mzima bila kipele chochote, waombe wamwangalie na figo.

Kwahiyo fanya hivi, kusanya tyubu zote hata zilizoisha, tia kwenye mfuko, na vidonge vyake vyote na daftari la kliniki, mwende mkamwone mtaalamu wa ngozi, ulizia hospitali ya mkoa kama ina kliniki ya ngozi na siku yao ni ipi. Soma na tyubu mwenyewe leo, ukiona betamethasoni au klobetasoli kwenye hiyo mliyonayo utakuwa umeshapata nusu ya jibu.

Nusu nyingine sijaiona kwenye swali lako. Umetaja tyubu saba kwa majina na bei zake, hujataja hata sehemu moja sukari ya mzee inasoma ngapi.